Istilahi Zinazofika kwa Wakati: Kiswahili katika Kozi za Video za Mfumo Endeshi wa Makataa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna Kiswahili kinavyoweza kubeba kozi ya mafunzo kwa video kuhusu aina ya mfumo endeshi ambao usahihi wake hupimwa kwa jibu unalotoa na pia kwa wakati ambao jibu hilo hutolewa. Mfumo unaochunguzwa ni FreeRTOS, na mwanafunzi anayelengwa ni fundi wa Mbingu, katika bonde la Kilombero. Makala inajenga hoja kwamba istilahi za fani hii hazitoshi kupimwa katika orodha: sharti zipimwe ndani ya sentensi inayosemwa wakati picha inapopita. Kwa kutumia vigezo vya PEGITOSKA, inaonyeshwa kwamba baadhi ya tafsiri zilizozoeleka hufundisha jambo lisilo sahihi, na kwamba sarufi ya Kiswahili, hususani upatanisho wa ngeli, njeo na hali, inabeba maarifa ambayo kwa kawaida hutafutwa katika nomino.

1.0 Utangulizi

Mbingu iko kandokando ya barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba, chini ya safu ya milima ya Udzungwa. Mito ishukayo milimani hapo hulisha mashamba ya mpunga bondeni, na nguvu ya maji ya eneo hili si jambo geni: mtambo wa Kihansi, ambao mto wake humwaga maji katika bonde hilohilo, una uwezo wa megawati 180. Tuchukue mfano wa kufikirika ulio mdogo zaidi. Fundi kijana anataka kutengeneza kidhibiti cha mtambo mdogo wa umeme wa maji unaoendesha mashine ya kukoboa mpunga. Ana maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo katika chipu moja, na ana simu ya kutazamia mafunzo. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Nyumbani huenda akazungumza Kindamba au Kipogoro. Video anazozipata kuhusu fani hii ni za Kiingereza.

Mashine ya kukoboa inapozimwa ghafla, turbini hupunguziwa mzigo na kuanza kuzunguka kwa kasi zaidi. Umeme wa Tanzania huenda kwa masafa ya hezi 50, yaani mzunguko mmoja kila milisekunde 20. Kasi ya turbini ikipanda, masafa hupanda nayo, na vifaa vilivyounganishwa huwa hatarini. Kidhibiti kinapaswa kutambua badiliko hilo na kupeleka umeme uliozidi kwenye mzigo mbadala, kwa mfano hita ya maji, kabla mambo hayajaharibika. Jibu sahihi linalochelewa halina tofauti na jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo, fundi aliyeelewa vibaya neno moja katika somo anaweza kuunda kidhibiti kinachofanya kila kitu kama ilivyotakiwa, isipokuwa kwa wakati.

Swali la makala hii ni la kiisimu: mtayarishaji wa kozi ya video kwa Kiswahili achague maneno gani, na kwa kipimo gani? Swali hili lina utangulizi wake nchini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyowekwa katika Kiswahili, na kazi hiyo ilionyesha kwamba menyu na amri za kompyuta zinaweza kuandikwa kwa lugha hii. Hata hivyo, istilahi ya menyu husomwa kwa jicho, na mtumiaji anaweza kuirudia apendavyo. Istilahi ya video husikika mara moja, ndani ya sentensi, huku kitu kinachotajwa kikitendeka mbele ya macho. Hapo ndipo penye tofauti inayotushughulisha.

2.0 Vigezo vya uchambuzi

Katika taaluma ya istilahi za Kiswahili, mwongozo wa Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) umekuwa rejeo la kawaida kuhusu njia za uundaji: kukopa, kutafsiri, kuambatanisha, kunyambua na kupanua maana. Kwa upande wa tathmini, wachambuzi wengi hutumia PEGITOSKA, vigezo vilivyoasisiwa na Kiingi wa Uganda: usahihi, uwekevu, uzalishi, ukimataifa, uangavu, staha, umfumo, upatanifu wa kifonolojia na kukubalika. Vigezo hivi vinatosheleza istilahi iliyo katika kamusi. Kwa kozi ya video tunapendekeza kuviuliza swali moja la ziada: je, neno hili likisemwa katika sentensi, linaeleza uhusiano sahihi wa wakati, na linamalizika kutamkwa kabla picha haijahama?

Swali hili linaungwa mkono na nadharia ya ujifunzaji kwa njia mseto iliyoendelezwa na Richard Mayer. Moja ya kanuni zake ni kwamba maneno na picha vinavyohusiana vinapowasilishwa kwa pamoja, mwanafunzi huelewa vizuri zaidi kuliko vinapopishana. Uchunguzi wa Guo na wenzake (2014) kuhusu utazamaji wa video katika kozi za jukwaa la edX ulibaini kwamba video fupi, hasa zisizozidi dakika 6, ndizo zilizoshika umakini wa watazamaji. Katika muda mfupi hivyo, kila silabi ina gharama yake.

3.0 Jina la mfumo: halisi, papo kwa papo, au makataa?

Tafsiri mbili za jina la mfumo huu zinasikika mara kwa mara. Ya kwanza ni *wakati halisi*. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na udhaifu wake uko katika kigezo cha uangavu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, kinyume cha *halisi* ni *bandia* au *-a kufikirika*. Ataelewa kwamba kuna mifumo inayotumia wakati usio wa kweli, jambo ambalo halimsaidii kujua kidhibiti chake kinapaswa kufanya nini. Ya pili ni *papo kwa papo*. Hii inaeleweka upesi zaidi, lakini udhaifu wake ni mkubwa zaidi kwa sababu inakiuka kigezo cha usahihi: inamwambia fundi kwamba sifa ya mfumo ni kasi. Sivyo. Kompyuta yenye kasi kubwa inayochelewa mara moja katika mara elfu haifai kutunza turbini, ilhali chipu yenye kasi ndogo isiyochelewa kamwe inafaa.

Wahenga wetu walikwisha kuigawa dhana hii katika methali mbili. *Haraka haraka haina baraka* inakanusha kwamba kasi ndiyo shabaha. *Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako* inasisitiza kwamba kuna wakati ambao ukipita, tendo halina faida tena. Mfumo tunaouzungumzia umekaa katikati ya methali hizo: haukimbilii, ila hauvuki mpaka uliowekwa.

Mpaka huo una jina katika Kiswahili. Vyombo vya habari vya Kenya hutumia *makataa* kwa maana ya siku au saa ya mwisho ya kutimiza jambo. Kwa msikilizaji wa Tanzania neno hilo halitumiki sana kwa maana hiyo, lakini *jibu la mkataa*, yaani jibu lisilorudi nyuma, si geni, na sauti ya *kata* iliyomo inamwelekeza kwenye maana. Tunapendekeza *mfumo endeshi wa makataa*. Istilahi hii ni sahihi kwa kuwa makataa ndiyo yanayoutofautisha mfumo huu na mingine. Pia ni zalishi: panapokuwa na *makataa makali*, kuchelewa ni kufeli, panapokuwa na *makataa nafuu*, kuchelewa ni kupungua kwa ubora. Kupeleka umeme uliozidi kwenye mzigo mbadala ni makataa makali. Kuonyesha kiwango cha umeme kwenye kioo ni makataa nafuu.

Kigezo cha kukubalika kinaweza kutumiwa kupinga pendekezo hili, kwa kuwa *wakati halisi* tayari limeenea. Pingamizi hilo lina uzito, na suluhisho lake ni la kiufundishaji: somo la kwanza litaje majina yote mawili, lieleze kwa nini la pili linatumika, kisha lisilirudie la kwanza. Mwanafunzi ataweza kutafuta kwa jina analolikuta kwingineko, lakini atafikiri kwa jina linaloeleza kitu chenyewe.

4.0 Ngeli na vitenzi: maarifa yaliyomo katika sarufi

FreeRTOS ilianzishwa na Richard Barry mnamo mwaka 2003, na tangu mwaka 2017 inasimamiwa na Amazon. Ni programu huria, na hutumika katika maikrokontrola nyingi za bei nafuu, zikiwemo za familia ya ESP32. Ndani yake programu hugawanywa katika sehemu zinazojitegemea, na *kiratibu* huamua ni sehemu ipi itumie kichakataji kwa wakati fulani.

Sehemu hiyo tuiiteje? Wengi wangeiita *kazi*. Lakini katika video msemaji atajikuta akisema *kazi inayofanya kazi* na *kazi ya kazi hii*, na msikilizaji atapotea. *Jukumu* linafaa zaidi, na faida yake kubwa ni ya kisarufi. *Jukumu* ni la ngeli ya LI-/YA-, *kiratibu* na *kichakataji* ni vya KI-/VI-, na *kufuli*, istilahi tutakayoieleza baadaye, ni ya I-/ZI-. Hivyo msemaji anaweza kusema *linaiachia*, na msikilizaji anajua mara moja kwamba jukumu ndilo linaloachia na kufuli ndiyo inayoachiwa. Neno moja limebeba mtenda, njeo, mtendwa na tendo. Katika lugha isiyo na upatanisho wa namna hii, msemaji angelazimika kurudia nomino au kuhatarisha utata. Kwa hiyo, uteuzi wa istilahi unapaswa kuzingatia mgawanyo wa ngeli: nomino zinazokutana katika sentensi moja ni vyema zitoke katika ngeli tofauti. Kigezo hiki hakimo waziwazi katika PEGITOSKA, ingawa kinaweza kuwekwa chini ya umfumo.

Jukumu katika FreeRTOS huwa katika mojawapo ya hali nne. Tunapendekeza zielezwe kwa vitenzi, kama ifuatavyo:

(a) *linatekelezwa*: limeshika kichakataji sasa hivi;
(b) *liko tayari*: linaweza kutekelezwa, lakini kichakataji kiko kwa jukumu jingine;
(c) *linangoja*: linasubiri tukio au muda fulani;
(d) *limesimamishwa*: limeondolewa kwenye zamu kwa amri, na litarejeshwa kwa amri.

Hali ya (c) ndiyo inayohitaji uangalifu. Tafsiri ya moja kwa moja ya jina lake la Kiingereza ingetoa *limezuiwa*. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili humfanya msikilizaji aulize: limezuiwa na nani? Atatafuta kosa mahali pasipo na kosa. Jukumu la kusoma kasi ya turbini linapokaa kimya hadi wakati wa kipimo kinachofuata, hakuna aliyelizuia. Limejiweka lenyewe katika kungoja, na kwa kungoja linawapa wengine nafasi. *Linangoja* ni kauli ya kutenda, na inasema ukweli huo. Kinyume chake, *limesimamishwa* linastahili kauli ya kutendwa, kwa sababu hapo yupo mtoa amri. Vivyo hivyo, jukumu la chini linapoondolewa ili la juu lipite, tuseme *limepokonywa kichakataji*. Halikumaliza wala halikungoja. Linarudi kuwa tayari.

Viambishi vya njeo na hali navyo vina nafasi yake. *Hu-* ieleze kanuni na *-na-* ieleze kinachoonekana: *kiratibu huchagua jukumu lenye kipaumbele cha juu* ni sheria ya mfumo, *kiratibu kinachagua jukumu la kasi* ni taarifa ya kilicho kwenye skrini. Mwanafunzi anayesikia tofauti hiyo atajua lini anafundishwa kanuni na lini anaonyeshwa mfano. Kwa upande mwingine, *-ki-* na *-ka-* ni nyenzo bora ya kueleza makosa ya kugongana kwa majukumu. Tazama sentensi hii: *Jukumu la kwanza lilisoma namba, likiwa bado linaikokotoa, la pili likaibadilisha, la kwanza likaandika jibu la namba isiyokuwepo tena.* Mpishano na mfuatano umebebwa na silabi mbili tu.

5.0 *Kwa* na *hadi*: kosa la mara mia moja kwa dakika

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi uzito wa neno dogo unatokana na amri mbili za FreeRTOS: vTaskDelay na vTaskDelayUntil. Zote mbili huliweka jukumu katika hali ya kungoja. Katika video za haraka huelezwa zote kwa kitenzi *kuchelewesha*, na mwanafunzi huona ni kitu kimoja.

Tuseme jukumu linapaswa kupima kasi ya turbini kila milisekunde 100, na kipimo chenyewe huchukua milisekunde 20. Amri ya kwanza huhesabu tangu ilipoitwa: jukumu hupima kwa milisekunde 20, kisha hulala milisekunde 100. Mzunguko mzima ni milisekunde 120. Kwa dakika moja tutapata vipimo 500 badala ya 600. Vipimo 100 vimepotea, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotolewa. Amri ya pili huhesabu tangu mwamko uliopita, hivyo jukumu huamka kila baada ya milisekunde 100 kamili, mradi kazi yake iwe imekwisha ndani ya muda huo.

Kiswahili kinatofautisha mambo haya bila kuunda istilahi yoyote mpya. Amri ya kwanza ni *lala kwa*. Ya pili ni *lala hadi*. *Kwa* hutoa muda, *hadi* hutoa wakati. Tofauti ya *muda* na *wakati*, ambayo wanafunzi wetu wa isimu huiona kama suala la mtindo, hapa ni tofauti ya vipimo 100 kwa dakika. Msemaji wa video aifanye kuwa desturi: *lala kwa milisekunde 100*, *lala hadi mwamko ujao*. Asichanganye.

Upande huo wa muda una mtego mwingine. FreeRTOS huhesabu muda kwa *mipigo* ya saa yake ya ndani. Katika mazingira rasmi ya uundaji wa programu za ESP32, mipangilio ya awali ni mipigo 100 kwa sekunde, sawa na milisekunde 10 kwa mpigo. Fundi akiomba kulala kwa milisekunde 5, hesabu ya nambari kamili hutoa mipigo sifuri, na jukumu halingoji kabisa. Neno *mpigo* ni angavu kwa kuwa linafanana na pigo la ngoma: huwezi kuingia katikati ya mapigo mawili. Aliyelielewa hivyo hatashangaa.

6.0 *Kipaumbele cha kwanza* ni cha juu au cha chini?

*Kipaumbele* ni istilahi iliyokwisha kukubalika, na haina haja ya kubadilishwa. Tatizo linajitokeza inapounganishwa na nambari. Katika matumizi ya kawaida, *kipaumbele cha kwanza* ni kikubwa kuliko vyote. Hivyo ndivyo tunavyosema kuhusu maji, afya au elimu. Katika FreeRTOS mambo ni kinyume: kipaumbele 0 ndicho cha chini kabisa, na nambari ikipanda, kipaumbele kinapanda. Katika mifumo mingine kama VxWorks, nambari ndogo ndiyo ya juu.

Msemaji akisoma *kipaumbele cha kwanza* pale skrini inapoonyesha 1, sarufi ya Kiswahili itampa mwanafunzi maana ya kinyume, na jukumu la kuokoa turbini litawekwa nyuma ya jukumu la kuwasha taa. Dawa yake ni kuepuka nambari za mpango katika muktadha huu. Isemwe *kipaumbele namba moja*, au vizuri zaidi, ngazi zitajwe kwa maneno: *cha juu*, *cha kati*, *cha chini*, na nambari ziachwe zionekane kwenye msimbo. Hili ni kosa ambalo mfasiri wa maandishi hawezi kuliona, kwa kuwa kwenye karatasi 1 ni 1. Linazaliwa kinywani.

7.0 Kivuko cha Kilombero na dhana ya kukaimu

Kuna rasilimali ambazo jukumu moja tu linaweza kuzitumia kwa wakati mmoja. Mfumo huzilinda kwa vyombo viwili vinavyokaribiana: *semafori* na *kufuli*. *Semafori* ni neno la kukopwa, na mkopo huu una haki yake. Dijkstra alilichukua kutoka kwenye ishara za reli katika miaka ya 1960, na reli ya njia moja, kama TAZARA inayokatiza bonde hili katika safari yake ya kilometa 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, inaeleza dhana hiyo wazi: kipande kimoja cha njia hakiwezi kukaliwa na treni mbili. *Kufuli*, kwa upande wake, ina jambo la ziada: ina mwenye ufunguo. Tofauti hii ndiyo inayohitajika, kwani katika FreeRTOS kufuli hujua ni jukumu lipi limeishika, na ulinzi tutakaoueleza sasa hufanya kazi kwa kufuli tu, si kwa semafori ya kawaida.

Ulinzi huo unahusu *mpinduko wa vipaumbele*. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, magari ya kati ya Ifakara na Ulanga yalivushwa kwa kivuko. Tuunde kisa. Gari la mkaa limo ndani ya kivuko. Gari la wagonjwa linafika gatini na kungoja. Hilo halina ubaya, maana kivuko ni kimoja. Lakini wahudumu wanaopaswa kuliteremsha gari la mkaa wanaitwa kupakua mizigo ya basi lililoegeshwa gatini. Basi halihitaji kivuko hata kidogo. Hata hivyo, kwa kuwa lina hadhi kuliko gari la mkaa, linahudumiwa kwanza, na gari la wagonjwa linajikuta likilisubiri basi. Wa kati amemshinda wa juu bila kukutana naye.

Jambo hili lilitokea mbali sana na Kilombero. Chombo cha Pathfinder cha Marekani kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikiendeshwa na VxWorks. Muda mfupi baadaye kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha. Jukumu la chini la kukusanya data za hali ya hewa lilikuwa limeshika kufuli iliyohitajiwa na jukumu la juu, huku majukumu ya kati yakilipokonya la chini kichakataji. Wahandisi walisahihisha kosa hilo wakiwa duniani, kwa kuwasha kanuni iliyokuwemo ndani ya mfumo tangu awali.

Kanuni hiyo inasema: jukumu la chini likishika kufuli inayongojewa na la juu, lipewe kwa muda kipaumbele cha lile la juu, liimalize kazi, liachie kufuli, kisha lirudi kwenye ngazi yake. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina la urithi, na tafsiri nyepesi ingekuwa *kurithi kipaumbele*. Lakini kwa kawaida katika Kiswahili hurithiwa aliyekufa, na kilichorithiwa hakirudishwi. Hapa mwenye cheo yu hai, anangoja, na cheo kitarudi. Tunalo neno linaloeleza hali hiyo kwa ukamilifu, nalo liko midomoni mwa kila mtumishi wa umma: *kukaimu*. Kaimu mkurugenzi hutumia mamlaka ya juu kwa muda, kwa ajili ya kazi maalumu, kisha hurejea kwenye nafasi yake. *Jukumu la chini linakaimu kipaumbele cha juu hadi liiachie kufuli*: sentensi hii ni somo zima, na inatamkika kwa sekunde chache. Kigezo cha ukimataifa kinapungua, lakini usahihi na uangavu vinapanda, na katika video inayotazamwa mara moja biashara hiyo ina faida.

8.0 Kutoka istilahi hadi kurekodi

Maandishi yakikosewa hurekebishwa kwa dakika moja. Video iliyokwisha kusambaa kwenye simu za watu haiitwi nyuma. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa istilahi sharti utangulie kurekodi. Tunapendekeza taratibu nne.

Kwanza, faharasa ya kozi nzima iandaliwe kabla ya somo la kwanza, na kila istilahi iandikwe pamoja na ngeli yake na sentensi moja ya mfano. Istilahi isiyo na sentensi isikubaliwe.

Pili, kila istilahi isomwe kwa sauti sambamba na picha yake. *Kikatizo* lina silabi 4. *Ukatizaji wa utekelezaji wa programu* una silabi 16. Picha ya kikatizo ikifika ni fupi mno, hata inapopunguzwa kasi. Maelezo marefu yatumike mara moja, siku ya kulitambulisha neno.

Tatu, majina ya amri za mfumo yasitafsiriwe, kwa kuwa kompyuta haitayatambua. Lakini majina ambayo mwandishi wa programu hujiundia mwenyewe yawe ya Kiswahili: jukumu liitwe *soma_kasi*, kufuli iitwe *kufuli_ya_hita*. Hapo mwanafunzi ataona mpaka kati ya kilicho cha mfumo na kilicho chake, na msemaji hatalazimika kuruka kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya kila sentensi.

Nne, rasimu ya somo ijaribiwe kwa kusimuliwa upya. Mtazamaji aombwe kumweleza mwenziwe alichokiona, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akisema *limezuiwa* pale tuliposema *linangoja*, au akisema *haraka* pale tuliposema *kwa wakati*, kosa ni la somo.

9.0 Hitimisho

Mara nyingi mjadala wa Kiswahili na teknolojia huanzia kwenye upungufu: lugha haina maneno ya kutosha. Mfano wa mfumo endeshi wa makataa unaonyesha tatizo la aina nyingine. Maneno mengi yanayohitajika yapo: *hadi*, *kungoja*, *kupokonya*, *mpigo*, *kukaimu*. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyatafuta nje ya safu ya nomino na kuyapima katika sentensi inayosemwa. Wanaisimu tumezoea kuletewa orodha na wahandisi, tuzijaze tafsiri, tuzirudishe. Kwa kozi ya video utaratibu huo hautoshi. Mwanaisimu anapaswa kukaa pembeni ya anayerekodi na kusikiliza.

Fundi wetu wa Mbingu hatasoma makala hii, na hana sababu ya kuisoma. Yeye atasikia *lala kwa* au *lala hadi*, ataandika alichosikia, kisha atazima mashine ya kukoboa ili aone kama turbini itatulia. Majibu atakayoyapata yatakuwa tathmini ya istilahi zetu, na yatafika ndani ya milisekunde chache.